Kimya cha Kulipia

Aprili iliyopita mimi na mume wangu tulikaa siku tatu mfululizo kwenye kochi letu la Kahawa West, kila mtu na simu yake, tukitafuta BnB. Masharti yalikuwa mawili tu: pawe patulivu, na pawe na historia. Sisi ni wale watu ambao marafiki hawapendi kusafiri nao. Tukipita kibao cha makumbusho barabarani, lazima gari lisimame. Mara ya kwanza tulipotoka pamoja hatukwenda kula kuku; tulienda Hyrax Hill kule Nakuru kuangalia makaburi ya watu wa kale, na hadi leo husema hapo ndipo alipojua ataniposa.

Kila tuliyemwuliza alitutuma kulekule. Lamu. Fort Jesus. Nyumba ya Karen Blixen. Mmoja akasema, "Kama mnataka historia na baridi, nendeni Nanyuki. Kuna nyumba za wazungu wa zamani, ziko na meko na kila kitu." Tulipomwambia tunafikiria kuanza Embu tumalizie Meru, alicheka mpaka akakohoa. "Embu? Kuna nini Embu? Hiyo si ni ushago kwenu?"

Makala haya ni jibu langu kwake. Ni jibu pia kwa wenye nyumba za kulala wageni, na ikibidi kwangu mwenyewe, maana nami nilikosea kama mtakavyoona.

Kwanza nijibu swali la kuna nini Embu. Karibu na mji wa Runyenjes kuna kichaka kitakatifu cha Mwene Ndega. Waembu husimulia kwamba hapo Mungu alimpa Mwene Ndega mke mrembo aitwaye Nthara, na kutoka kwa hao wawili tukatoka sisi wote. Hebu fikiria. Kabila zima linaanza na wapenzi wawili mahali patulivu penye miti. Halafu mtu ananiambia kwamba mapenzi na historia viko Nanyuki kando ya meko.

Ukitoka Runyenjes unavuka mto Thuci, unapita Chuka, unateremka ile miteremko ya Nithi ambayo abiria wote hunyamaza bila kuambiwa, unapita Chogoria na Nkubu, na baada ya kilomita mia na kitu kutoka Embu uko Meru mjini. Katikati ya mji kuna makumbusho, ndani ya jengo la mawe la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Waingereza walikuwa wameivamia Embu mwaka 1906, na miaka miwili baadaye E.B. Horne akafungua kituo Meru. Wameru walimwita Kangangi, yule mdogo anayezururazurura. Napenda sana kwamba jina walilompa ndilo lililobaki vinywani.

Na kabla ya Kangangi kuna Mbwaa. Wameru husimulia kwamba walitoka kisiwa cha pwani kiitwacho Mbwaa, ambako watu wa nguo nyekundu, Nguuntune, waliwatumikisha. Wakapewa majaribio yasiyowezekana: leteni mbwa mwenye pembe, leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, leteni mkuki unaogusa mbingu. Kiongozi wao Koomenjwe ndiye aliyewatoa, wakavuka maji usiku kucha. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limetoka wakaitwa Njeru, weupe. Mpaka leo ukimwuliza Mmeru mzee ukoo wake, anaweza kukuambia babu zake walivuka saa ngapi. Mume wangu ni wa waliovuka gizani, na hutumia hilo kama kisingizio cha kutoamka mapema.

Basi niambie tena hakuna kitu.

Sasa tuje kwa wenye nyumba, maana hasira yangu kubwa iko huko. Ukiandika "historia" na "Mlima Kenya" kwenye programu yoyote ya kutafuta malazi, unaletewa kitu kimoja tu: zamani za mzungu. Veranda ya mbao. Viti vya ngozi. Picha za kahawia za wanaume waliovaa kofia ngumu. Samaki wa trauti, ambaye wazungu walimleta kwenye mito yetu ili wapate cha kuvua Jumapili. Hoteli inayojulikana kuliko zote Embu bado inaitwa Izaak Walton, jina la Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi mwaka 1653 na ambaye kwake Embu haikuwepo duniani. Siilaumu hoteli hiyo. Ilirithi jina, na jina la zamani nalo ni historia. Ninaowalaumu ni wanaojenga leo. Mtu ananunua kipande cha shamba la chai, anajenga nyumba mpya kabisa, mawe bado yana vumbi la msumeno, halafu anaenda Nairobi kununua picha ya mzungu asiyemjua ili nyumba ionekane ya zamani. Babu yake mwenyewe aliishi palepale. Picha ya babu iko chini ya kitanda ndani ya bahasha ya kaki.

Na hili si la BnB peke yake. Elsa, yule simba wa Joy na George Adamson, alikufa mwaka 1961, na kaburi lake ndani ya Mbuga ya Meru lina kibao. Utapelekwa hadi pale, upige picha. Sina neno na simba. Lakini Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na mwili wake haujapatikana hadi leo. Na Baimungi, jenerali wa Mau Mau kutoka Meru, aliuawa mapema mwaka 1965, Kenya ikiwa huru tayari, bendera yetu ikipepea, kwa kuwa yeye na wenzake walirudi msituni kudai ardhi waliyoipigania. Ukifika Meru muulize anayekutembeza akupeleke kwa Elsa, kisha umwulize habari za Baimungi, uone ni swali lipi lina jibu la haraka.

Haya. Tulichagua nyumba moja upande wa Manyatta, juu kabisa, karibu na msitu wa mlima. Sitaitaja. Maelezo yake yalisema "kimya kamili, mandhari ya msitu, hisia za kale". Sh4,500 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Msomaji atauliza kwa nini tusilale kwa shosho wangu, ambaye boma lake haliko hata nusu saa kutoka hapo. Ukiuliza hivyo hujawahi kuwa na mkwe. Mume wa mjukuu halali hivihivi kwa wakwe zake, na hata tukilazimisha, shosho angemwachia kitanda chake yeye akalale jikoni, sisi tukeshe kwa aibu. BnB ndiyo ilikuwa njia ya heshima. Ndiyo maana nasema nyumba hizi ni za maana, si anasa. Kwa vijana wengi waliooana, hizi ndizo nyumba zinazotuwezesha kurudi nyumbani.

Tulipofika, sebuleni kulikuwa na picha kubwa ya mzungu mwenye ndevu akiwa ameinua samaki. Nikamwuliza kijana anayetunza nyumba, "Huyu ni nani?"

"Sijui, dada. Fundi alikuja nayo."

"Aliishi hapa?"

"Zii. Hapa palikuwa na migomba."

Usiku wa kwanza kimya kilikuwepo kweli, ila cha kukodi. Kibao ukutani kilitukumbusha kutopiga kelele, ilhali baa ya njiani ilipiga mugithi hadi saa nane. Asubuhi tukaletewa soseji mbili, mkate wa dukani na chai ya majani ya pakiti. Dirishani, majani ya chai yalianza hatua kumi kutoka mezani. Nduma zilikuwa bondeni. Mume wangu akamwuliza yule kijana yeye mwenyewe amekunywa nini asubuhi hiyo. Akasema uji wa wimbi na viazi vitamu. Tukamwomba. Akaona haya, akasema hiyo si chakula cha wageni.

Siku ya pili nilimchukua shosho kwa bodaboda aje atuone. Ana miaka themanini na kitu na mimi nimeitwa jina lake, kwa hiyo ananiita wajina. Aliingia, akaangalia yule mzungu na samaki wake, hakusema kitu. Akauliza tumelipa ngapi. Nikamwambia. Akauliza tena, akidhani ni kwa mwezi. Halafu akaenda dirishani, lile dirisha la mandhari ya msitu tulilolilipia, akasimama muda mrefu.

"Wajina," akasema, "mtaro ulipita pale."

Nikauliza mtaro gani. Ndiyo, mimi, mpenda historia, mwenye rafu nzima ya vitabu vya Mau Mau, nikauliza mtaro gani.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba mtaro mrefu na mpana kando ya msitu wa Mlima Kenya, wenye vigingi vilivyochongwa chini, ili wapiganaji wasishuke kuchukua chakula na wanaowasaidia wasipande. Waliochimba zaidi walikuwa wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walihamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa seng'enge. KEM, ndivyo Waingereza walivyotuandika kwenye makaratasi yao. Mimi ni E, mume wangu ni M. Nilikuwa najua herufi. Sikujua kwamba mtoto wa miaka kumi na nne mwenye jina langu alibeba udongo pale ninapoangalia nikinywa chai.

Alisimulia kwa saa mbili hivi. Mengine sitayaandika, si yangu. Nitasema tu kwamba alionyesha kwa fimbo kijiji kilipoanzia na kilipoishia, upande wa kuchota maji na saa walizoruhusiwa kuchota, na mahali ambapo dada yake mdogo alizikwa bila jeneza. Yule kijana wa nyumba aliacha kuosha vyombo akaja kusimama mlangoni. Yeye amezaliwa kijiji hichohicho, hakuwahi kusikia. "Kwani hamkuwahi kusema?" akamwuliza. "Tungemwambia nani?" shosho akasema. "Na hamkuuliza."

Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ina sheria ndani yake. Mau Mau ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo ikabaki vitabuni hadi mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Kwa nusu karne, shosho akisimulia alichopitia alikuwa anakaribia kukiri kosa. Ilipofika Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa fidia watu 5,228, pauni milioni 19.9 kwa jumla, yeye hakuwa kwenye orodha na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba angestahili kuwa. Sehemu ya pili ya jibu, hiyo ya hamkuuliza, ni yetu.

Najua nitakachoambiwa, maana mume wangu alishaniambia njiani kuelekea Meru. Watu wanafanya kazi siku sita, wanapanda matatu saa kumi na moja asubuhi, wakipata siku tatu wanataka kulala. Si kila likizo iwe darasa. Na wazee si makumbusho ya kufunguliwa tukitaka na kufungwa tukichoka. Hilo la mwisho lilinichoma na ninalikubali kabisa. Kuna njia chafu ya kufanya jambo hili: kumlipa mzee wa watu mia tano avae ngozi, aketi kwenye veranda, asimulie Mbwaa huku wageni wakirekodi. Mungu atuepushe. Nikiona BnB inatangaza "simulizi za kweli za Mau Mau na chakula cha jioni" nitakuwa wa kwanza kuisuta.

Lakini tofauti ya kupumzika na kusahaulishwa ipo. Sijadai nyumba itufundishe. Nadai isitudanganye. Ukiweka picha ukutani, weka ya mtu aliyeishi pale. Ukiita mahali pa kale, jua ni kale ya nani. Kijana anayetunza nyumba ajue jina la mto unaosikika usiku na kwa nini jirani wa juu hana shamba na wa chini ana ekari ishirini. Hayo hayagharimu chochote. Kiti cha ngozi kina gharama zaidi.

Na wageni nao, yaani mimi na wewe, tuache kununua kimya kama kwamba ni bidhaa inayotoka mbali. Kimya cha Embu kina sababu. Pale Meru, tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane karibu na Kaaga, ambako Wamethodisti walifungua misheni yao mwaka 1912. Nyumba ya kawaida, vyumba viwili vya wageni, hakuna veranda. Kwenye programu ina nyota chache kwa sababu mtu alilalamika kuhusu jogoo. Asubuhi ya kwanza alituletea nduma na chai ya maziwa, akaketi nasi bila kuombwa, akauliza tunakwenda wapi. Tukasema Nchiru, kuona jumba la Njuri Ncheke. Akanitazama mimi, akatabasamu. "Wewe utaona nje."

Njuri Ncheke ni baraza la wazee wa Kimeru, lina heshima kubwa mpaka wanasiasa huenda kuomba baraka zake, na ni la wanaume. Kutoka hapo tukaingia kwenye habari ambayo nilikuwa nimeisoma kwa Lynn Thomas, kwenye kitabu chake cha mwaka 2003, lakini sikuwahi kuisikia kutoka kinywa cha mtu. Aprili 1956 Njuri Ncheke, kwa kuungwa mkono na maafisa wa kikoloni, ilipiga marufuku ukeketaji wilayani Meru. Wasichana wakajibu kwa kununua nyembe na kwenda vichakani kukatana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Ndani ya miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri ile.

Napinga ukeketaji bila kigugumizi, na nafurahi sheria ya mwaka 2011 ipo. Hata hivyo kisa hicho hakiniachi. Wanaume weusi na wanaume weupe waliketi wakaamua juu ya miili ya wasichana, na wasichana wakaona njia pekee ya kusema mimi nipo ni kujiumiza. Yule mama aliposimulia alitaja dada yake mkubwa. Halafu akanyamaza, akaniongezea chai. Mume wangu, wa waliovuka gizani, aliangalia sahani yake. Tulipofika Nchiru nilibaki nje ya ua, yeye akaniuliza kama aingie. Nikamwambia aingie aangalie vizuri, akitoka aniambie kila kitu. Alitoka akasema ndani ni kama ukumbi wa shule. Sikuamini, na bado tunabishana.

Sasa ukinipigia simu kuniuliza upange wapi Embu au Meru, na wengi mmeshaanza, sitakupa kiungo. Nitakuambia umpigie mwenye nyumba mwenyewe, umwulize shamba hilo lilikuwa la nani kabla yake. Akijibu "si mambo yangu hayo", endelea kutafuta. Akianza kucheka na kusema "hiyo ni stori ndefu", lipa siku mbili. Uliza asubuhi wao wenyewe hula nini. Uliza kama kuna baa karibu, hilo nalo ni muhimu, sisi hatukuuliza. Na kabla ya kusoma vitabu vya wengine, kumbuka kwamba Fadiman, Mmarekani, alikuja Meru mwisho wa miaka ya sitini akaketi na wazee ambao sasa wote wamelala, ndipo tukapata kitabu chake cha mwaka 1993. Na kwamba Embu tulikuwa na wetu, H.S.K. Mwaniki, aliyekusanya sauti za wazee na kuzichapisha mwaka 1974 kwa jina la *Embu Historical Texts*. Nilimtafuta Mwaniki mitaani Nairobi kwa wauza vitabu vya mitumba wiki mbili. Nilichopata ni wasifu watatu wa Winston Churchill.

Niliporudi nilimwandikia mwenye ile nyumba ya Manyatta. Sikumtukana. Nilimweleza kuhusu mtaro na kijiji, nikamwambia shosho yuko tayari kumwonyesha mipaka, na nikamwomba afikirie ile picha. Alikaa siku nne, akajibu kwa dole gumba. Wiki iliyofuata yule kijana akanitumia picha ya ukuta: mzungu ameondolewa, msumari umebaki. Anasema bosi hajui aweke nini.

Tumepanga kurudi Agosti, usiku mmoja tu, pesa zimeisha. Shosho amesema atakuja asubuhi kama magoti yatakubali. Amesema pia hataki soseji.